Mia Mbili Tisini na Tano

Saa kumi na moja alfajiri, Kinyanambo,
nyasi zimekauka kwa sakitu ya Julai,
nami nimeiwasha simu kabla ya jiko.
Soko la hisa kule Dar bado limelala.
Najua. Nikatazama hata hivyo,
kama mtu anayefungua barua aliyokwisha kuisoma.

Mia mbili tisini na tano.

Nilinunua kwa mia sita na ishirini,
hisa elfu mbili za Nyota Mtandao,
kampuni iliyosema itaiweka benki mfukoni mwa kila mkulima
na daktari nyuma ya kioo cha simu.
Kikoti, wakala, ofisi yake Miyomboni juu ya duka la mabati,
alinipa soda na kalamu ya bluu.
Kalamu ningali nayo. Inaandika vizuri.

Lakini jambo hili halikuanzia Miyomboni, lilianzia kwenye paina.
Ekari moja, mteremko wa kuelekea Changarawe,
niliyopanda mwaka aliozaliwa Lusungu.
Niliiuza ina miaka minane, mashina kama paja la mtoto,
kwa kuwa Septemba ile moto ulipita ng'ambo ya bonde
na usiku nikausikia ukitafuna.

Chengula hakuuza. Moto ulimkosa.
Mwaka wa kumi na tano malori yakaja kwake,
magogo kama ngoma,
akaezeka nyumba mbili, akaniletea mchele,
akasema tu, "Mama Lusungu, mti hauna haraka."
Hakunikejeli. Heri angenikejeli.

Ndipo nikaapa: sitauza tena kwa woga.
Kiapo nilikula kwa ajili ya miti,
nikaja kukilipa kwa hisa.

Mia tano themanini, nikasema itapanda.
Mia nne thelathini, nikasema wanaouza ni waoga, nawajua.
Mia tatu themanini nikaacha kusema,
nikatia chumvi kwenye mboga mara mbili.
Mkurugenzi wao akajiuzulu kwa sababu za kifamilia;
nami, mjinga, nikaiombea familia yake.

Paina hata ukilala inaongeza pete.
Ukiitilia shaka, unaigonga kwa mgongo wa panga,
unasikia kama mchwa wameingia.
Hii nitaigonga wapi?
Ni namba, na namba haitoi utomvu.

Jana jioni Lusungu anamenya vitunguu,
akaniuliza bila kuinua macho:
"Hizo laki tano na tisini
zingekuwa kwenye fundo la kitenge chako sasa hivi,
ungepanda gari uende kwa Kikoti
ukanunue Nyota?"

Nikasema maji yamechemka.
Yalikuwa hayajachemka.

Ningenunua miche ya parachichi.
Ningenunua waya wa uzio.
Ningeng'oa hili jino.

Usiku nikalala nalo lile swali, linapiga teke.
Mia sita na ishirini haipo, nikajiambia.
Nimeipalilia kila asubuhi kama kaburi,
na soko wala halijui nililipa ngapi.
Duniani kote ni mimi peke yangu ninayeikumbuka bei ile,
mimi, na kalamu.

Saa nne kasoro nikampigia Kikoti.
"Zote?" akauliza.
Dirishani, kwa Chengula, amekwisha kupanda upya,
miche inamfika magotini.
"Bakiza kumi."
"Kumi hazina maana, mama."
"Ndiyo sababu nazitaka."

Ijumaa iliyofuata ilipanda: mia tatu na nne.
Najua, kwa kuwa nilitazama.
Nikakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe,
kisha nikachukua jembe.
Futi mbili kwenda chini udongo ulikuwa baridi bado.
Nilichimba mashimo tisa siku ile,
la kumi likanishinda, lina jiwe.